Sura ya Tano: Ngumbaru wa Sataranji

Pale Uyole, mahali barabara kuu itokayo Dar es Salaam inapogawanyika, tawi moja likiingia Mbeya mjini na kuendelea hadi Tunduma, jingine likikata kushoto kwenda Tukuyu, Kyela na mpaka wa Kasumulu, watu wazima wanacheza drafti. Ubao umechorwa kwa rangi juu ya kipande cha mbao, kete ni vizibo vya soda, na wanaouzunguka wanatoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Ni madereva wa malori wanaosubiri mzigo, mafundi, wauza viazi, walimu waliotoka kazini. Sura hii naiandika nikiwafikiria hao, na wenzao wa Mafinga na Kihesa, kwa sababu mara nyingi nimesikia mtu wa aina hiyo akisema sataranji ni nzuri lakini yeye ameshachelewa.

Kwanza, mcheza drafti haingii kwenye sataranji mikono mitupu. Ubao ni uleule wa miraba 64. Na drafti ina sheria inayomfinyanga mchezaji: kula ni lazima. Ukinipa kete nitaila hata kama naona shimo mbele yangu, kwa hiyo fundi wa drafti amezoea kutoa moja ili ale tatu, na kabla ya kusogeza kizibo anapima kichwani: nikimpa hii atakula, nitakula, atarudi kula, kisha ubao utabaki vipi? Hesabu hiyo ndiyo moyo wa sataranji pia.

Anachopaswa kukiacha mlangoni ni mazoea mawili. Katika sataranji kula si lazima, na kete nyingi zinazoachwa wazi zimeachwa makusudi. Halafu kete hazilingani nguvu. Malkia anahesabiwa kama askari tisa, ngome watano, farasi na askofu watatu kila mmoja. Mtu aliyezoea vizibo vyote kuwa sawa hupoteza wiki zake za mwanzo akibadilisha ngome kwa farasi huku akidhani ngoma ni droo.

Joseph Henry Blackburne, aliyezaliwa Manchester mwaka 1841, alipita njia hiyohiyo. Alikulia kwenye drafti, na sataranji aliianza akiwa na miaka 17 au 18, baada ya sifa za Mmarekani Paul Morphy kuenea Ulaya. Kwa zaidi ya miaka 20 alihesabiwa miongoni mwa wachezaji wakali kabisa duniani. Mrusi Mikhail Chigorin alifundishwa sataranji akiwa na miaka 16, akaupa mchezo uzito alipokwisha kuvuka 20, na bado mwaka 1889 na tena 1892 alikaa Havana kugombea ubingwa wa dunia na Wilhelm Steinitz. Ye Jiangchuan wa China alianza akiwa na miaka 17, akawa grandmasta.

Hao walikuwa vijana bado, najua, na fundi wa Uyole ana miaka 38 na watoto watatu. Kwa hiyo nimpe na upande mgumu wa habari. Mwaka 2007 Fernand Gobet na Guillermo Campitelli walichapisha uchunguzi wao juu ya wachezaji wa Argentina. Waliofikia umasta walikuwa wametumia wastani wa saa 11,000 hivi za kucheza na kujisomea. Miongoni mwa walioanza kwa bidii wakiwa na miaka 12 au chini ya hapo, karibu mmoja kati ya wanne alifika ngazi ya kimataifa. Walioanza baadaye, mmoja kati ya 55. Mtu mwenye nafasi ya saa tano kwa wiki hupata kama saa 260 kwa mwaka, na kwa mwendo huo saa 11,000 zinadai zaidi ya miaka 40.

Basi umasta tuuweke kando bila uchungu. Tunajua habari za Phiona Mutesi, binti wa Katwe, Kampala, aliyefundishwa na Robert Katende, akapata cheo cha kimataifa kwenye Olimpiadi ya Istanbul mwaka 2012, na maisha yake yakatengenezewa filamu mwaka 2016. Ng'ambo ya Tunduma, Zambia ilimpata Amon Simutowe wa Ndola, aliyetunukiwa ugrandmasta mwaka 2009. Nawaheshimu wote wawili, lakini simulizi zao zinahusu vipaji vilivyookotwa mapema, na mtu mzima akizitumia kujipima atakata tamaa. Kipimo chake kiwe kingine: kutoka kwenye kutoa kete bure kila mchezo hadi kucheza mchezo mzima anaoweza kuueleza hatua kwa hatua na kuuona ni mzuri. Hilo linawezekana kwa saa tano za wiki. Na lina raha ambayo wengi wa wanaocheza kwenye simu usiku hawajawahi kuionja.

Katika uchunguzi uleule wa Argentina kuna jambo lililonivutia kuliko wastani wenyewe. Kuna aliyefikia umasta kwa saa 3,000 hivi, na kuna aliyetumia zaidi ya 23,000. Tofauti kubwa namna hiyo haiwezi kuelezwa na wingi wa saa. Kipaji kina sehemu yake, na umri wa kuanza una sehemu yake. Lakini iko pia sehemu iliyo mikononi mwa mwanafunzi mwenyewe, nayo ni kile anachokitia ndani ya hizo saa.

Mholanzi Adriaan de Groot, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji hodari, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1946 aliwaonyesha wachezaji ubao kwa sekunde chache kisha akauficha. Mabingwa waliweza kuupanga upya karibu wote. Wachezaji wa kawaida walikumbuka kete chache tu. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon, Marekani, walirudia jaribio hilo na kuongeza kitu kimoja: walizitawanya kete ovyo, bila mpangilio unaoweza kutokea kwenye mchezo wa kweli. Hapo ubora wa mabingwa ukayeyuka karibu wote. Kumbe hawakuwa na kumbukumbu ya ajabu. Walikuwa wameona mipangilio mingi kiasi kwamba kete sita wao waliziona kama kitu kimoja, kama wewe unavyosoma neno zima bila kuhesabu herufi.

Habari hiyo ni njema kwa mtu mzima. Mipangilio inaingia kichwani kwa kukutana nayo na kuielewa, na mtu wa miaka 40 anaweza kufanya yote mawili. Neil Charness, aliyechunguza umri na sataranji, aliripoti mwaka 1981 kwamba wachezaji wenye umri mkubwa walikumbuka ubao vibaya kuliko vijana wa kiwango kilekile, lakini hatua walizochagua zilikuwa nzuri sawasawa, na walitumia muda mfupi zaidi kuzichagua.

Sasa twende kwenye ugonjwa wenyewe. Mtu mzima akishika sataranji, mara nyingi huangukia moja ya njia mbili. Wa kwanza hutazama video za ufunguzi. Anakariri hatua 12 za Sisilia, kila hatua na jina lake, kisha mpinzani wake anasogeza kitu kisichokuwamo kwenye video katika hatua ya tatu, na elimu yote inakwisha hapo. Wa pili hana habari na nadharia. Yeye anacheza tu, michezo ya dakika tatu, ishirini kwa usiku mmoja, na baada ya mwaka yuko palepale ila anakosea kwa kasi zaidi. Ukiwauliza kwa nini wamechagua njia hizo, jibu la kweli ni kwamba ndizo zinazofurahisha. Sizilaumu furaha zao. Ila ndizo zinazowaweka walipo.

Iko pia njia ya tatu, ya wenye juhudi. Mmarekani Michael de la Maza alianza mashindano akiwa mtu mzima, na kati ya mwaka 1999 na 2001 alipanda kutoka takriban pointi 1,300 hadi kuvuka 2,000, kwa kutatua mafumbo ya mbinu, takriban 1,000, na kuyarudia yote duru saba, kila duru kwa siku chache kuliko iliyotangulia. Mwaka 2002 alitoa kitabu, na watu wazima wengi duniani wakajaribu kumfuata. Wengi walichoka njiani. Yeye mwenyewe aliacha mashindano akiwa kileleni. Naamini alikuwa sahihi juu ya jambo kubwa, kwamba anayeanza hupoteza kwa mbinu kabla hajapoteza kwa kitu kingine chochote. Lakini lishe ya chakula kimoja haimfai mtu anayetaka mchezo huu umkae maisha yote.

Uyole ina kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Uyole, kinachojulikana kwa mbegu za maharage na viazi mviringo, na mkulima wa nyanda hizi anaelewa jambo ambalo vitabu vingi vya sataranji havilisemi wazi. Mahindi yenye uhaba wa fosforasi, yale yanayobadilika majani kuwa zambarau, hayaponi kwa kumwagiwa urea. Kirutubisho kilichopungua kuliko vyote ndicho kinachoweka kikomo cha mavuno. Mjerumani Justus von Liebig aliieneza kanuni hiyo katika karne ya 19. Kwa hiyo unapima udongo kwanza, ndipo unanunua mbolea. Usawa wa masomo nauelewa hivyohivyo. Kugawa saa tano katika mafungu matano yanayolingana, moja la ufunguzi, moja la mbinu, moja la mikakati na kadhalika, kunapendeza kwenye karatasi, lakini ni kumwaga mbolea bila kupima.

Kipimo chako ni michezo uliyopoteza. Nunua daftari la kawaida la shule. Cheza michezo kumi ya taratibu, yaani dakika 15 kwa kila upande au zaidi, na kila unapopoteza andika sentensi moja: nilipotelea wapi? Usiulize kompyuta kwanza. Pitia mchezo mwenyewe, tafuta pale ulipoanza kujisikia vibaya, andika ulichokuwa unafikiri. Ndipo ufungue programu ikuonyeshe. Mikhail Botvinnik, bingwa wa dunia kwa vipindi vitatu kati ya 1948 na 1963, aliifanya kazi ya uhandisi wa umeme sambamba na mchezo, na ushauri wake mkuu ulikuwa huu: chambua michezo yako, kisha uchapishe uchambuzi huo ili wengine wakuonyeshe ulipokosea. Wewe huna gazeti, lakini una mwenzio wa kijiweni. Mpe daftari asome.

Baada ya michezo kumi daftari litasema. Kwa karibu kila anayeanza litasema jambo moja: nilitoa kete bure. Hakuna siri hapo. Dawa yake ni swali la mcheza drafti likiwa limeongezwa kidogo. Kabla hujaachia kete, uliza: anaweza kumshambulia mfalme wangu vipi, anaweza kula nini, anatishia nini? Kila hatua, hata ile inayoonekana wazi. Mtu akilishika swali hilo kwa miezi miwili anaanza kuwashinda waliokuwa wakimfunga, bila kujua ufunguzi hata mmoja kwa jina.

Kisha mafumbo ya mbinu. Lichess, iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, inayatoa bure kabisa, bila matangazo, na hayali bando kama video. Hapa kuna kosa la mpangilio ambalo hata walimu hulifanya. Mwanafunzi hupewa mafumbo 30 yote ya uma, pale farasi anapotishia kete mbili kwa mpigo, kisha 30 ya kubana, na kadhalika. Anafanya vizuri, anafurahi. Lakini kwenye mchezo hakuna anayekuambia kwamba hapa pana uma. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor walijaribu jambo hilo kwa hesabu za maumbo. Wanafunzi waliofanya maswali ya aina moja kwa mfululizo walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, na waliochanganyiwa maswali wakapata 60. Wiki moja baadaye ukaja mtihani: wa kwanza wakapata 20, wa pili 63. Changanya mafumbo yako, basi, na uvumilie kukosa. Yale uliyokosa yarudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki.

Eneo ambalo watu wazima hulikimbia, na ambalo mimi nalipenda kuliko yote, ni mwisho wa mchezo, kete zikiwa zimebaki chache. José Raúl Capablanca wa Cuba, katika kitabu chake cha mafunzo cha mwaka 1921, mwaka aliotwaa ubingwa wa dunia, hakuanza na ufunguzi. Alianza na namna ya kumfunga mfalme aliyebaki peke yake, na askari wachache. Chukua mfano mmoja. Safu za ubao zina herufi a hadi h, mistari ina namba 1 hadi 8. Mfalme mweupe yuko e4, askari wake e3, na mfalme mweusi e6. Wafalme wanatazamana, mraba mmoja katikati yao. Kama ni zamu ya mweusi, mweupe atashinda. Kama ni zamu ya mweupe, ni sare. Kete zilezile, miraba ileile, tofauti ni zamu tu: anayelazimika kusogea anampisha mwenzake. Mweusi akienda d6, mweupe anaingia f5 na kuanza kumfungulia askari wake njia ya kwenda kuwa malkia.

Sasa msogeze mfalme mweupe hadi e6, askari e5, mweusi e8. Hapa mweupe anashinda, zamu iwe ya nani. Mpange mwenzio upande wa pili, mchezeane mara nyingi, mbadilishane rangi, hadi mkono ujue wenyewe. Kazi hiyo haihitaji simu wala umeme, na inalipa kwa namna ya pekee. Mtu anayejua mwisho gani unashinda na upi ni sare hujua, hatua 20 kabla, kete zipi abadilishane na zipi azikatae. Maarifa ya mwisho yanarudi nyuma na kuuangaza mchezo wote. Ya ufunguzi hayafanyi hivyo.

Ufunguzi wenyewe nitausemea kwa ufupi kwa sababu unastahili ufupi. Chagua mmoja wa kete nyeupe na mmoja wa nyeusi, ukae nayo mwaka mzima. Askari wa katikati, farasi na maaskofu watoke, mfalme afichwe pembeni mapema. Ujue pia kujikinga na shambulio la haraka linalowatesa wageni: mweupe anampeleka askari e4, malkia h5, askofu c4, akiukodolea mraba wa f7 ambao mwanzoni unalindwa na mfalme peke yake. Kama umejibu askari e5 na farasi c6, sasa sogeza askari g6. Malkia akirudi f3, mtoe farasi f6. Shambulio limekwisha, na malkia wake amekwenda na kurudi wakati wewe unatoa kete.

Nchi hii ina uzoefu wake wa kumfundisha mtu mzima, na sioni sababu ya kuusahau tunapozungumzia mchezo. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya ngumbaru yakajaa jioni, watu wakitoka shamba. Kabla ya hapo, kuanzia 1968, mikoa ya Ziwa ilikuwa na mradi wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu kinachozungumzia pamba yake. Aliyejifunza neno jioni alikuwa na kazi nalo asubuhi. Nadhani ndiyo sababu walivumilia taa za chemli na mabenchi ya watoto. Mwanafunzi wa sataranji ukubwani naye atavumilia baridi ya Uyole ya mwezi wa saba endapo somo la usiku huu linatoka kwenye mchezo alioupoteza jana.

Kwa hiyo saa tano zako ziende vipi? Mwanzoni, karibu nusu ziende kwenye michezo ya taratibu na kuichambua, nami nahesabu uchambuzi kuwa sehemu ya mchezo. Mchezo usiopitiwa haujakwisha. Mafumbo yachukue kiasi cha dakika 15 kila siku, kwa sababu kidogo cha kila siku hukaa kuliko saa mbili za Jumapili. Kilichobaki kiende kwenye miisho, na baki ya baki kwenye ufunguzi. Ya dakika tatu iwe burudani na ujue ni burudani. Siku mtoto anaumwa, au viazi vimeingia sokoni na lori linasubiri, fanya mafumbo matatu ulale.

Pointi zako za mtandaoni zitapanda na kushuka. Usizifanye hakimu. Katika mfumo wa viwango wa Arpad Elo, anayekuzidi pointi 200 anatarajiwa kuchukua takriban robo tatu ya pointi zote za michezo mkicheza mara nyingi, maana yake robo ni yako ukiwa hujabadilika hata kidogo, na wiki ya bahati inaweza kukudanganya. Soma daftari. Baada ya miezi mitatu hesabu tena michezo kumi. Kama sentensi ya kutoa kete bure ilijaza saba kati ya kumi na sasa ni mbili, umekua, hata namba ikiwa palepale. Na pengine utaona sasa tano zinasema ulikuwa na askari wa ziada na mchezo ukaishia sare. Hapo punguza mafumbo, na dakika ulizozipunguza zihamishie kwenye miisho, kuanzia na ile ya ngome.